Buku Mbili kwa Njia 292

Leo nina hesabu. Usizime redio, maana ni hesabu ya hela, na ya hela hata aliyekimbia umande anaijua.

Chukua noti ya shilingi 1000 ya Tanzania, buku moja. Unataka kuichenji, na sarafu ulizonazo ni hizi nne tunazozishika kila siku: 50 yenye kifaru, 100 yenye swala, 200 yenye simba, na 500 yenye nyati, ambayo ndiyo kitinda mimba wao, iliyoingia mwaka 2014. Kila aina unayo ya kutosha. Hakuna cha "sina chenji" hapa. Swali langu ni hili: buku hiyo inachenjika kwa njia ngapi tofauti?

Taja namba moyoni kabla sijaendelea. Ukitaja 10, hauko peke yako. Ukitaja 20, umejitahidi. Jibu liko mbali na hapo, na tutalifikia bila kuandika chochote, kwa sababu jambo hili lina utaratibu wake.

Sharti ni moja tu. Tunahesabu kilichomo kiganjani, hatuhesabu kipi kilitangulia kutoka mfukoni. Mangi wa dukani akikupa mia mbili kisha mia, au mia kisha mia mbili, umepata kitu kilekile, na kwetu hiyo ni njia moja.

Twende kituoni. Tuseme nauli ni 600 na abiria katoa buku. Konda anadaiwa 400. Konda unamjua: noti kazikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole vya mkono mmoja, na kwenye kiganja cha mkono wa pili sarafu zinachezeshwa, cha, cha, cha. Hasemi neno, lakini kila abiria anaelewa kwamba anadaiwa nauli. Sasa sarafu hizo zinazolia ndizo atakazotolea chenji.

Akitaka kumaliza mambo, anatoa simba wawili, basi. Hiyo ni njia moja. Akitoa simba mmoja, inabaki 200 ya kuijaza kwa swala na vifaru: swala wawili, au swala mmoja na hamsini mbili, au hamsini nne. Njia tatu. Asipotoa simba kabisa, 400 nzima ni kazi ya mia na hamsini: mia nne, mia tatu, mia mbili, mia moja au bila mia hata moja, na pengo lote linazibwa na hamsini. Njia tano. Jumlisha 1, 3 na 5, unapata 9. Mia nne ya abiria ina njia 9. Na kama tungehesabu pia mpangilio wa kutoka mfukoni, zingekuwa 55, ndiyo maana nimeweka sharti lile mapema.

Sikiliza tena: moja, tatu, tano. Shika mwendo huo, maana ndio utakaotubeba hadi kwenye buku.

Buku tunaianza bila jero, yaani bila sarafu ya 500. Bila simba pia, tuna mia na hamsini tu. Mia zinaweza kuwa 10, au 9, au 8, kushuka mpaka sifuri, na hamsini hazina uchaguzi, zinajaza kinachobaki. Hizo ni njia 11. Weka simba mmoja, inabaki 800, na mia zinaweza kuwa kuanzia 8 mpaka sifuri: njia 9. Simba wawili, njia 7. Watatu, 5. Wanne, 3. Watano wanamaliza buku yote wenyewe: njia 1. Kumi na moja, tisa, saba, tano, tatu, moja. Jumla yake ni 36.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu 36 ni 6 mara 6, na haikutokea hivyo kwa bahati. Kama una vifuniko vya soda nyumbani, mpe mtoto ajaribu. Aweke kimoja mezani. Aongeze vitatu, kimoja ubavuni, kimoja juu na kimoja pembeni pale vinapokutana, apate mraba wa viwili kwa viwili. Aongeze vitano vizunguke pande hizohizo mbili, apate mraba wa vitatu kwa vitatu. Saba, vinne kwa vinne. Namba witiri zikijumlishwa kuanzia moja bila kuruka, kila mara zinajenga mraba kamili. Ukishajua hivyo hujumlishi tena. Unahesabu tu ziko namba ngapi kwenye mlolongo, unaizidisha namba hiyo kwa yenyewe. Mwalimu wa darasa la tano anaweza kufundisha kipindi kizima kwa sarafu na vifuniko, na darasa zima lisisinzie.

Turudi kwenye buku. Sasa tunatoa jero moja. Inabaki 500 ya kujaza kwa simba, swala na vifaru. Bila simba, mia zinaweza kuwa 5 mpaka sifuri, njia 6. Simba mmoja, 4. Simba wawili, 2. Jumla 12. Tukitoa jero mbili, buku imekwisha, njia 1. Sasa 36, 12 na 1: jumla 49.

Noti moja ya buku, njia 49. Wewe ulitaja ngapi?

Hesabu za namna hii zina ukoo mrefu. Leonhard Euler, Mswisi, aliziandikia sura nzima katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1748, akitafuta namba moja inagawanyika kwa njia ngapi kuwa jumla ya namba nyingine. Yeye hakuwa na habari ya sarafu, lakini kazi ni ileile. Aliyezileta sarafu mbele ya wanahisabati kwa namna inayokumbukwa zaidi ni George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani. Mwaka 1956, katika jarida la wanahisabati wa Marekani, aliuliza dola moja inachenjika kwa njia ngapi kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50. Jibu ni njia 292. Namba hiyo imekuwa maarufu, mpaka wanaofundisha kuandika programu za kompyuta wanaitumia kama mtihani wa wanafunzi wao: ukipata 292, programu yako ni nzima.

Sasa kaa vizuri. Chukua noti yetu ya 2000, buku mbili. Ichenji kwa sarafu zetu zilezile nne, na ruhusu pia noti ya 1000. Tuhesabu kwa utaratibu uleule. Kwa sarafu tupu, bila jero, mlolongo unaanza 21, 19, 17, unashuka mpaka 1. Hizo ni namba witiri 11, kwa hiyo 11 mara 11, njia 121. Ukitoa jero moja, 1500 iliyobaki ina njia 72. Jero mbili, inabaki buku, nayo tumeshaona ina 36. Jero tatu, 12. Jero nne, 1. Jumla 242. Kisha weka noti moja ya buku: buku ya pili ina njia zake 49. Weka noti mbili: njia 1. Sasa 242, ongeza 49, ongeza 1.

Njia 292.

Ndiyo, msikilizaji, namba ileile ya dola. Na usiseme ni bahati tu. Fikiria hamsini zetu. Ndani ya buku mbili haziwezi kuwa tatu wala tano, kwa sababu vingine vyote ni mia kamili. Hamsini lazima ziende mbilimbili. Jozi moja ya hamsini ni mia. Kwa hiyo mtu anayechenji buku mbili ana mia za aina mbili: mia ya sarafu moja na mia ya jozi. Mmarekani naye senti zake mojamoja lazima ziende tanotano, kwa sababu vingine vyote kwake vinagawanyika kwa tano. Kwa hiyo ana senti tano za aina mbili: ya sarafu moja na ya fungu. Baada ya hapo, sisi tunajenga 2000 kwa 100, 200, 500 na 1000. Yeye anajenga senti 100 kwa 5, 10, 25 na 50. Gawanya zetu zote kwa 100. Gawanya zake zote kwa 5. Kotekote unabaki na moja, mbili, tano na kumi, zinazojenga ishirini. Ni hesabu moja iliyovaa kanga mbili. Konda wa Mbagala na mwenye kioski wa Chicago wanapekua kiasi kilekile cha njia, na hakuna kati yao aliyewahi kuzihesabu.

Mpaka hapo nimekuonyesha wingi. Sasa niseme kilichonifanya niichague hesabu hii leo, maana wingi huo una nguzo zake, na nguzo hizo si zile unazozidhania.

Rudi kwenye buku moja na njia zake 49. Tuanze kunyang'anya sarafu moja kila mara, tuone hasara. Ondoa jero, ile kubwa. Tumeshahesabu: zinabaki njia 36. Hasara si kubwa. Irudishe, ondoa 200 badala yake: zinabaki 18. Irudishe, ondoa 100: zinabaki 10. Irudishe nayo, sasa ondoa 50: zinabaki 10. Kubwa ikiondoka tunapoteza njia 13. Ndogo ikiondoka tunapoteza 39. Sarafu ndogo ndizo zinazobeba njia nyingi kuliko kubwa.

Kati ya mia na hamsini kuna tofauti moja inayofaa kutajwa. Yoyote kati yake ikiondoka inaacha njia 10, lakini mia ikiondoka hakuna deni linaloshindikana, kwa sababu hamsini mbili zinaziba. Hamsini ikiondoka, deni lolote lenye hamsini mkiani halilipiki kabisa. Ndipo mwenye duka anaponyoosha mkono kwenye kopo la plastiki na kukwambia, "Chukua pipi." Pipi ni sarafu ya upande mmoja. Kesho mpelekee pipi zako nne umwambie akupe kiberiti, uone atakavyokutazama.

Nchi yetu imewahi kuuona mwendo huu kwa upande wa kuongeza. Benki Kuu ilipotoa sarafu zetu za kwanza mwaka 1966, zilikuwa senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi moja yenye mwenge. Shilingi hiyo iliweza kuchenjika kwa senti kwa njia 10 tu. Mwaka 1977 ikaongezwa senti 10 yenye pundamilia. Sarafu moja ndogo, na njia za kuchenji shilingi zikaruka kutoka 10 hadi 49. Waliokuwa watu wazima enzi hizo watakumbuka pundamilia yule na kingo zake za mawimbi. Na kama umesikiliza kwa makini umeshagundua kwamba 5, 10, 20, 50 na shilingi moja ndizo hizihizi za leo, 50, 100, 200, 500 na buku, baada ya miaka na mfumuko wa bei kuzipandisha.

Kwa jirani zetu wa Kenya mambo ni hayohayo. Sarafu zao zilizotoka Desemba 2018 ni 1 yenye twiga, 5 yenye kifaru, 10 yenye simba na 20 yenye ndovu. Noti ya 50 inachenjika kwa sarafu hizo kwa njia 56. Ukichanganya na ile sarafu ya 40 ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, zinakuwa 60: kubwa imeongeza njia 4 tu. Lakini ukiondoa ile ya shilingi moja, 56 zinaanguka mpaka 12. Na Marekani, ambako kutengeneza senti moja kulikuwa kunagharimu kupita thamani yake, waliacha kuitengeneza kwa ajili ya mzunguko mwezi Novemba 2025. Siku senti zilizomo kwenye mzunguko zitakapokwisha mifukoni, dola ya Pólya yenye njia 292 itabaki na 40. Buku mbili zetu bila hamsini nazo zinabaki na 40, kwa sababu ileile ya kanga mbili.

Turudi kwa konda, maana yeye hii hesabu anaishi ndani yake. Tuseme jioni imefika, hamsini hana, mia zimemwishia, kiganjani amebaki na mia mbili na jero tu. Buku sasa ina njia 2: mia mbili tano, au jero mbili. Kutoka 49 mpaka 2. Na kuna madeni hawezi kuyalipa hata akiwa na gunia la sarafu hizo. Mia hawezi. Mia tatu hawezi. Kuanzia 400 kwenda juu, mia zote kamili anaziweza, na hili si la kubahatisha: mwanahisabati Mwingereza Sylvester, karne ya 19, aliacha kanuni yake. Ukiwa na sarafu za aina mbili tu zisizo na kigawanyo cha pamoja zaidi ya moja, zizidishe, kisha toa ya kwanza na toa ya pili. Ndilo deni kubwa zaidi lisilolipika. Kwa mia mbili na mia tano, tukihesabu kwa mia, ni 2 mara 5, toa 2, toa 5. Inabaki 3, yaani 300.

Ila kuna mtego. Anadaiwa 600. Mkono wa konda, kwa mazoea, unatangulia na jero. Inabaki mia, na mia hana. Amekwama, na abiria ameshaanza kupandisha sauti. Kumbe angeiacha jero na kutoa mia mbili tatu, mambo yamekwisha. Na 800 vilevile: ukianza na jero umekwama kwenye 300, ukianza na mia mbili unamaliza kwa nne. Sarafu zikiwa kamili, kutanguliza kubwa hakumkwamishi mtu. Sarafu ndogo zikiadimika, kutanguliza kubwa ndiko kunakoleta ugomvi mlangoni.

Makonda wenye uzoefu wana dawa, wala hawakuipata kwa Sylvester. Nauli ni 700, umetoa buku, anakudai subira ya 300 asiyoiweza. Anakwambia, "Niongezee mia mbili nikupe jero." Umetoa 1200, umerudishiwa 500, deni limekwisha. Sarafu zikianza kwenda pande zote mbili, hata mia inalipika: abiria anatoa mia mbili mbili, konda anatoa jero moja. Na jero nazo zikimwishia, abiria wawili wanaodai mia tano mia tano wanapewa buku moja na maneno, "Mtagawana huko chini." Watu wasiojuana wanashuka pamoja kutafuta genge la kununulia maji ili wagawane. Inaudhi, nakubali. Lakini kihesabu konda yuko sahihi kabisa.

Wengine watasema simu imemaliza maneno haya, kila mtu alipe kwa namba. Kwenye maduka mengi ni kweli. Kwenye mlango wa daladala saa moja asubuhi, bado ni sarafu.

Basi nimalize na hamsini. Siku hizi ukimpa mtu hamsini anaigeuzageuza kama umemtukana. Wapo wenye maduka wanaozikataa waziwazi, wapo wanaozipokea na kuzitupia kwenye kopo chini ya meza zisionekane tena, na wapo akina sisi tunaozilundika kwenye droo nyumbani. Sarafu ya 50 ni fedha halali. Benki haitengenezi njia 49 mpya kila mara tunapozifungia zile za zamani kwenye kopo. Mwenye duka, ukikataa hamsini kisha ukalalamika chenji ni tabu, jua kwamba kwa kila buku inayoingia dukani kwako umejinyima njia 39 kwa mkono wako mwenyewe. Na wewe mwenye kopo nyumbani, kesho asubuhi lipunguze: hamsini nne badala ya mia mbili, mpe konda. Atanung'unika, lakini abiria wa kiti cha nyuma anayemdai mia na hamsini atalipwa.